Tuutazame Waya wa Athi Kabla ya Kuilaumu Betri



Gari likikataa kuwaka asubuhi, wengi wetu tunasema nini? Tunasema betri imekufa. Jirani anasogeza gari lake, tunabusti, watoto wanawahishwa shule. Jioni tunapita dukani kununua betri mpya. Zinapita wiki chache tu, stata inarudia mlio ule ule wa tak, tak, tak.

Je, katika hangaiko lote hilo, kuna mtu aliyeutazama waya wa athi?

Fungua boneti uone. Kwenye hasi ya betri kuna waya mnene, mara nyingi mweusi. Tawi lake moja limefungwa kwenye bodi, karibu tu na betri. Tawi jingine linashuka hadi kwenye injini au giaboksi. Magari mengi yana pia mkanda wa tatu, mfupi, uliosukwa kwa nyuzi nyembamba za shaba bila kuvishwa plastiki, unaounganisha injini na bodi. Huo wa tatu mara nyingi hujificha nyuma ya injini, na bila tochi na kuinama huwezi kuuona. Ndiyo maana gari linaweza kuzunguka mjini miaka kumi bila mtu yeyote kuushika.

Naomba tuanze kuushika. Sisi wenye magari, sisi madereva wa daladala na matatu, sisi mafundi, sisi walimu wa vyuo vya ufundi, na hata sisi abiria ambao hatujawahi kufungua boneti.

Kwanza tuelewane umeme wa gari unavyotembea. Unatoka kwenye chanya ya betri, unapita kwenye taa au stata au pampu ya mafuta, unafanya kazi yake, halafu ni lazima urudi kwenye hasi. Usipopata pa kurudia, hautoki kabisa. Waliounda magari walitumia bodi ya chuma kuwa njia hiyo ya kurudia, ili kila taa isihitaji nyaya mbili ndefu mpaka kwenye betri. Taa ya nyuma ina kipande kifupi tu cha waya kilichofungwa kwenye chuma kilicho jirani, na kutoka hapo bodi yenyewe ndiyo inayoubeba umeme kurudi mbele.

Injini lakini imekalia maunti za raba, na raba haipitishi umeme. Kwa hiyo kati ya injini na bodi hakuna njia ya kutegemewa isipokuwa ile mikanda ya athi. Nyaya hizo zinabeba kila kitu: umeme wa stata, umeme wa altaneta unaochaji betri, umeme wa plagi, na sensa zote zilizofungwa kwenye injini.

Sasa fikiria stata ya gari dogo la petroli. Inapozungusha injini huvuta ampea 150, wakati mwingine zaidi. Ya dizeli huvuta nyingi kuliko hapo. Mahali waya wa athi ulipofungwa pakiwa na kutu inayozuia umeme kwa sehemu moja tu ya mia ya omu, kizuizi ambacho mita ya kawaida haiwezi hata kukipima vizuri, volti 1.5 zinapotelea hapo. Betri nzima inapobeba stata hushuka yenyewe hadi volti 10 na kitu. Ukitoa na hizo zilizopotea, stata inabaki na 9 hivi. Inanguruma kwa shida, au inagonga tu. Nasi tunailaumu betri, ambayo haina kosa.

Dalili nyingine ni zipi? Taa kubwa zinafifia injini ikiwa kwenye mzunguko mdogo, halafu zinang'aa ukikanyaga mafuta. Redio inavuma kufuata sauti ya injini. Geji ya joto inapanda ukiwasha taa na feni, na inashuka ukizizima, ilhali maji hayajachemka. Taa ya injini kwenye dashibodi inawaka, fundi anabadilisha sensa, inawaka tena. Katika magari yenye kebo ya aksileta au ya klachi, kebo inaweza kuwa ya moto au hata kuungua ganda lake, kwa sababu umeme wa stata ulipokosa mkanda ulijitafutia njia kupitia kebo hiyo. Mwenye gari ananunua kebo mpya, nayo inaungua. Ukikuta kebo ya namna hiyo, usiondoke hapo kabla hujaupata mkanda uliokatika.

Na kuna dalili moja ambayo mwenye gari haioni kamwe, bali anaiona aliye nyuma yake. Umewahi kufuata gari usiku, dereva akikanyaga breki taa ya indiketa nayo inawaka kidogo, au taa ya upande mmoja inafifia badala ya kung'aa? Hiyo ni athi ya taa za nyuma iliyolegea. Umeme wa taa ya breki umekosa njia yake ya kurudi, ukapenya kwenye balbu nyingine kutafuta athi ya huko. Balbu zote mbili zinapata umeme pungufu. Dereva wa nyuma haelewi: huyu anakata kona au anasimama? Kwenye barabara ya Chalinze kuelekea Morogoro, malori yakiwa yamefuatana, hatuna nafasi ya kubahatisha jibu la swali hilo.

Kwa hiyo tusaidiane. Ukiona taa za mwenzio ziko hivyo, mkikutana sheli au kwenye mizani mwambie kwa upole: "Ndugu, taa yako ya kushoto nyuma, athi imelegea." Hawezi kuijua mwenyewe. Na wewe nyumbani, jioni moja, mwambie mtoto au mama watoto asimame nyuma ya gari, ukanyage breki, uwashe indiketa, uwashe taa ndogo, kimoja kimoja na kisha vyote pamoja. Kazi hiyo haichukui dakika tatu.

Sisi tunaoishi pwani tuna sababu ya ziada. Upepo wa bahari unabeba chumvi, na chumvi ikipata unyevu huharakisha kutu mahali shaba inapokutana na chuma au aluminiamu. Utaukuta waya umegeuka kijani kwenye nyuzi zake, na bolti imevaa unga mweupe au mwekundu. Dar es Salaam, Tanga, Mtwara, Unguja, Pemba, Mombasa, Lamu, wote tuko humo. Wavuvi na wachuuzi wa samaki wanaopakia tenga nyuma ya gari wanaongezewa maji ya chumvi kutoka ndani. Ndugu zangu, mkishamaliza kazi, mwageni maji baridi kwenye sakafu ya gari na chini ya bodi, na kila miezi michache tazameni bolti za athi zilizoko nyuma.

Wa bara nao hawajasalimika. Magari yetu mengi yametumika Japani kabla ya kushuka bandarini Dar es Salaam au Mombasa. Huko kaskazini, Hokkaido na mikoa jirani, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Gari linaweza kufika Dodoma au Nakuru likiwa na rangi inayometa juu na kutu ya miaka mingi chini. Ukinunua gari la namna hiyo, je, si vizuri fundi akupitishie bolti zote za athi katika sevisi ya kwanza, kabla hujaanza kufukuzana na matatizo?

Na masika je? Waliopita kwenye maji ya Jangwani, Dar es Salaam, au waliokutwa na mafuriko ya Nairobi mwaka 2024, wanajua kwamba gari linaweza kukauka, likawaka, likatembea vizuri, halafu baada ya miezi likaanza vituko vya umeme. Maji yaliingia kwenye viungo vya nyaya yakaacha tope na unyevu ndani. Gari lililopita kwenye maji yaliyofika sakafuni linahitaji kufunguliwa athi zake, kusafishwa na kufungwa upya, hata kama linaonekana zima.

Sasa tuje kwenye kupima, maana hapa ndipo fedha ya nyumba inapookolewa.

Njia ya kwanza haihitaji mita. Chukua waya mmoja wa kubustia. Bana ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na mikanda na feni. Gia iwe huru, breki ya mkono juu. Piga stata. Kama ilikuwa inagonga tu na sasa inazunguka kwa nguvu, betri yako ni nzima, athi ndiyo mbovu. Ni kipimo rahisi mno, na nasikitika kwamba hakifahamiki vya kutosha kwenye vijiwe vyetu vya magari.

Njia ya pili ni ya mita. Iweke kwenye volti za betri, kipimo cha 20. Ncha nyeusi iguse kichwa cha hasi chenyewe, ile risasi ya betri, si kile kibano kilichoishika. Ncha nyekundu iguse chuma kisafi cha injini. Mwenzio apige stata kwa sekunde mbili tatu. Ukisoma chini ya volti 0.2, athi iko sawa. Ukisoma 0.5 au zaidi, kuna kizuizi. Kisha injini ikiwa inaunguruma, washa taa kubwa na feni, upime tena kutoka hasi ya betri hadi kwenye bodi. Hapo tunatarajia takribani volti 0.1 au pungufu.

Kwa nini tusipime omu, gari likiwa limezimwa? Kwa sababu waya uliobakiwa na nyuzi tatu kati ya mia utaonyesha kwamba umeunganika. Mita hupitisha umeme kidogo sana, na nyuzi tatu zinautosha. Udhaifu unajitokeza pale tu mzigo unapokuja. Vijana wangu mnaojifunza umeme wa magari kwenye vyuo vya ufundi vya VETA na kwenye gereji za mitaani, nawaomba muishike hii: athi hupimwa ikiwa kazini.

Nao walimu na mafundi wakubwa, mnapompa kijana gari lenye tatizo la umeme, mtumeni kwanza akapime athi kabla ya kumkabidhi mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Mashine itamwambia sensa fulani inasoma vibaya. Haitamwambia kwamba sensa ni nzima na waya wake wa kurudia ndio umeoza.

Ukishaujua ubovu, kuurekebisha si kazi kubwa. Zima gari, toa funguo, vua pete na saa ya chuma. Spana namba 10 inatosha kwenye vichwa vya betri vya magari mengi ya Kijapani. Fungua hasi kwanza, na wakati wa kurudisha ifunge mwisho. Utaratibu huu una sababu. Ukianza na chanya, spana ikaponyoka ikagusa bodi, umeme wote wa betri utapita kwenye spana hiyo, na cheche yake inaweza kuiunguza mikono yako au kuilipua hewa inayotoka kwenye betri. Hasi ikiwa imeshatoka, spana iliyo kwenye chanya ikigusa bodi haitaleta madhara.

Fungua bolti ya athi. Sugua pande zote mbili, kichwa cha waya na mahali kinapokaa, kwa msasa au brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Neno mpaka nalitilia mkazo, kwa sababu rangi, hata ikiwa nzuri, ni kizuizi kamili cha umeme. Kama kuna unga wa asidi kwenye vichwa vya betri, maji ya moto yenye magadi huuyeyusha. Vaa kinga ya macho na usiruhusu maji hayo kuingia ndani ya betri. Funga bolti ikaze sawasawa, washa yenye meno ikiwepo. Grisi au mafuta ya mgando yapakwe mwishoni, juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa, ili kuzuia unyevu.

Waya ukiwa umekatika nyuzi, umekuwa wa kijani mpaka ndani, au umekakamaa, usiufunge kwa utepe. Badilisha. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya betri mpya. Chukua unene uleule wa kiwandani au zaidi. Kwa waya wa betri kwenda kwenye injini ya gari dogo, milimita 25 za mraba ni kipimo cha kuaminika, na dizeli inataka zaidi. Waya wa kufungia soketi za nyumbani, ule wa 2.5, haufai hata kidogo kwa kazi hii. Utapata moto, ganda litayeyuka, na gari linaweza kuungua. Vichwa vyake vibanwe kwa mashine ya kubania, visigongwe kwa nyundo. Na uache waya ulegee kidogo, kwa sababu injini hutikisika kila inapowaka na kuzimwa. Uliofungwa ukavutika utakatika tena.

Usiufunge kwenye bomba la mafuta wala la breki, hata kama bolti yake iko karibu na inashawishi. Na wenye magari ya haibridi, tafadhali: nyaya zenye ganda la rangi ya chungwa zina volti mamia. Hizo ni za fundi aliyesomea. Betri ndogo ya volti 12 na athi yake zinatunzwa kama nilivyoeleza, lakini usipotofautisha vizuri, omba msaada.

Niseme na mafundi bodi na mafundi rangi, ambao kazi yenu tunaipenda na tunaihitaji. Gari likinyooshwa na kupigwa rangi, mahali pa athi napo hupakwa. Mkifunga tu bolti juu ya rangi mpya, gari linatoka gereji likiwa zuri na lenye ugonjwa. Bandikeni utepe mahali hapo kabla ya kupuliza, au kwangueni baadaye. Mkichomelea, fungueni betri, na kibano cha mashine mkiweke karibu kabisa na mnapochomelea. Kikiwekwa mbali, umeme wa kuchomelea utapita kwenye mikanda ya athi, na unaweza kufika hata kwenye kompyuta.

Mafundi wa injini, tunawategemea kwa jambo moja. Giaboksi ikishushwa, mkanda wa athi hufunguliwa pamoja nayo. Wakati wa kurudisha, haraka ya kazi na bolti nyingi zinazofanana huufanya usahaulike ukining'inia. Je, ni vigumu kuufunga utepe mwekundu unapoufungua, ili jicho liuone kabla boneti haijafungwa?

Wenye magari nasi tuna wajibu wetu. Tusimharakishe fundi kwa simu kila nusu saa. Tukubali kumlipa kwa kupima, hata pale alipopima na kukuta hakuna cha kubadilisha. Fundi akilipwa kwa kuuza spea tu, atawezaje kutuambia kwamba kinachotakiwa ni msasa na dakika ishirini?

Kuna jambo kubwa zaidi nyuma ya hili, nalo linanigusa. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya kawaida ya gari ni risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto. Mombasa wanalijua hili kwa machungu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, wakazi waliathirika na risasi kutoka kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri chakavu mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Mama Phyllis Omido, aliyesimama na wakazi hao, alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Kila betri nzima tunayoitupa kwa sababu ya waya uliolegea inaongeza mzigo huo kwa jamii fulani, watu tusiowajua lakini ni wetu. Ukiinunua mpya kwa haki, mrudishie muuzaji ya zamani. Usiiache uani watoto wanapocheza.

Jumamosi hii basi, unapoosha gari, fungua boneti kwanza. Tafuta nyaya tatu. Zitikise kwa mkono injini ikiwa imepoa na imezimwa. Andika tarehe kwenye daftari la gari, na urudie kila mara unapobadilisha oili. Mwenye bajaji au pikipiki, athi yako inatoka hasi ya betri hadi kwenye fremu, dakika tano zinakutosha. Msimamizi wa magari ya shule au ya zahanati, liongeze hilo kwenye karatasi ya ukaguzi kabla Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani haijafika.

Na wewe ambaye tayari una mita ya umeme kwenye kabati, je, majirani zako wanajua kwamba unayo?